Karani wa Mizani

Miaka ishirini na sita nilipima miwa Mumias.
Lori likiingia, trela likilia kwa uzito,
nikiandika tani kwa wino mweusi
na mkulima kasimama, kofia mkononi,
akiutazama mshale kama anayengoja hukumu.
Sikudhani iko siku
kitakachopandishwa mizanini ni tone la damu yangu.

Kilichoanza ni pumzi.
Vumbi la makapi ya miwa, lile jepesi, tamu puani,
lilikuwa limejiwekea akiba kifuani mwangu
tangu enzi za zamu ya usiku.
Kiwanda kiliponyamaza, king'ora kikahamia kwangu.
Daktari akaandika prednisoloni:
vidonge vinane vyeupe, vichungu kama shubiri,
kila asubuhi baada ya chai.
Siku ya nne nilipanda ngazi za msikiti
bila kushika ukuta.
Zubeda akasema, "Umerudi."

Nilirudi, ila na mgeni.
Kiu ya ng'ombe aliyelamba magadi.
Usiku mara tano natoka na tochi,
mgomba nyuma ya choo haujapata kunenepa vile.
Uso ukajaa, wajukuu wakauliza
babu kapigwa na nani.

Nikanunuliwa kimashine.
Alfajiri, kabla ya kutia kitu kinywani, nachoma kidole:
tano nukta nne. Tano nukta sita. Tano nukta tatu.
Nikampelekea muuguzi Achitsa daftari
lililopigwa mistari kwa rula, kama la kazini.
Hakulisifu.
"Mzee Kweyu, kule kiwandani
mlikuwa mnapima lori likiwa tupu?"
"Mara mbili. Limejaa, kisha tupu."
"Na karani akiandika la tupu pekee?"
Nikacheka. "Anafutwa kazi kabla ya saa sita."
"Basi mbona humu mna malori matupu tu?"

Dawa ya asubuhi, alisema, hupakia mchana.
Niletee namba ya saa kumi.

Saa kumi, ugali wa mchana umeshuka,
kumi na saba nukta tisa.
Nilisimama pale,
kofia mkononi.

Nikataka kuvitosa vidonge chooni, nimalizane navyo.
Zubeda akapiga simu, akaniwekea sikioni.
"Trekta lenye trela mbili likiwa mteremkoni,
dereva huruka?" Sauti yake haikupanda.
"Mwili wako umezoea kufanyiwa kazi na dawa, umelala.
Ukiiondoa ghafla, utaanguka kabla haujaamka.
Tutashusha gia, moja moja. Mimi na daktari, si wewe."

Ndipo sindano ya insulini ikaja,
asubuhi, sahani moja na vidonge,
na ugali wangu ukawa ngumi ya Zubeda, si yangu,
mrenda na kunde zikijaza pengo.
Vidonge vikishuka, sindano nayo ishuke:
alinisemesha hayo mara tatu, kama mtoto wa madrasa.

Nikasahau.
Daktari alivipunguza hadi vitano, mimi na sindano ileile.
Jasho likanitoka nimekaa kivulini,
mikono ikitetemeka hata kijiko kikagonga meno.
Zubeda alinilisha sukari.
Mimi, karani wa mizani,
nililambishwa sukari ya pakiti
iliyoandikwa jina la nchi nisiyoijua,
na nje ya dirisha shamba la miwa limekuwa la mahindi.
Sijui kilichoniliza ni kipi.

Leo ni vidonge viwili na nusu.
Daftari lina safu mbili sasa, tupu na jaa,
na ya tatu, nyembamba, ya makosa yangu.
Saa kumi jioni: tisa nukta moja.
Nimeandika kwa wino mweusi.
Nimetia sahihi.
Lori linalofuata.